Mtoto Akitaka Kucheza Hoki Winnipeg: Mambo Ambayo Fomu Haikwambii

Ukihamia Winnipeg, mji wa Kanada, na watoto wa shule ya msingi, haipiti muda mmoja wao atarudi nyumbani akwambie anataka kucheza hoki. Hazungumzii hoki ya nyasini tunayoijua Nairobi na Dar es Salaam. Ni ile ya barafuni: viatu vyenye chuma chini, helmeti yenye wavu wa waya usoni, gongo linalomfikia mtoto kidevuni, na badala ya mpira kuna kisahani cheusi, kigumu, kinachoteleza kasi ajabu. Binti yangu alilileta jambo hili akiwa darasa la pili. Katika ukoo wetu wote, kuanzia Tanga hadi Muscat, hapakuwa na wa kumuuliza.

Naandika haya kwa mzazi aliye pale nilipokuwa mimi. Nilijiandaa kwa baridi na nilijiandaa kwa gharama. Kilichonipa shida zaidi ni desturi. Timu ya mtaa hapa ina historia ndefu na mambo yake ambayo hayajaandikwa popote, kwa sababu wenyeji wameyanyonya tangu utotoni na hawadhani kuna mtu asiyeyajua. Mgeni asipoyafuata anaonekana hajali. Nimeona familia za kwetu zikiacha katikati ya msimu, na maneno yao yalikuwa yaleyale: "Wale watu hawatutaki." Mimi siamini hivyo. Naamini hakuna aliyeketi nao akawaeleza.

Kwanza uelewe timu yenyewe ni nini. Mji umegawanyika katika vituo vya mtaa, zaidi ya 60, na wenyeji wa umri mkubwa bado wanaviita klabu. Kituo kina ukumbi, jiko, ofisi ndogo iliyojaa makaratasi, na nje kuna kiwanja kilichozungushiwa mbao. Wakati wa joto kiwanja hicho ni majani matupu. Wakati wa baridi kinamwagiwa maji yakaganda kikawa uwanja wa barafu. Kocha, meneja wa timu, anayefua jezi, anayeamka usiku wa manane kumwagia maji, wote hao ni wakazi wanaojitolea, hawalipwi hata senti. Aliyekulia Dar anawajua wazee wa klabu pale Jangwani na Msimbazi, wanaoweza kukutajia nani alisajiliwa mwaka gani na kwa nini. Vituo hivi navyo vina wazee wao. Hao ndio wa kuanza nao.

Sasa fedha, maana ndilo swali ninaloulizwa msikitini na kwenye harusi. Mwaka wetu wa kwanza, kwa mtoto wa miaka saba kwenye timu ya kawaida ya mtaa, ada ilikuwa dola mia nne na kitu za Kanada. Vifaa vya mtumba vilikaribia dola 200. Ukiingia dukani ukanunua kila kitu kipya utaacha zaidi ya mara mbili ya hiyo, na mwaka unaofuata miguu imeshakua. Golikipa ana vifaa vyake tofauti na ghali sana, ila kwa watoto wadogo mara nyingi kituo huviazimisha na watoto hupokezana kukaa golini. Timu za wateule, zinazochuja wachezaji na kusafiri miji mingine, hizo ni maelfu ya dola, na mtoto anayeanza hana haja nazo.

Kuna mashirika mawili nayataja kwa shukrani: KidSport na Jumpstart. Yote mawili hulipia ada ya michezo kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Omba mapema, kabla msimu haujaanza, na weka tayari karatasi za kuonyesha kipato. Baba watoto alisita. Alisema hatukuja Kanada kuomba. Nilimjibu kwamba pesa hizo zilichangwa na watu ili mtoto acheze, na sisi tunaye mtoto anayetaka kucheza. Tuliomba, tukapata, na sehemu kubwa ya ada ikalipwa.

Halafu kuna karatasi moja ambayo wengi wetu tunaitia saini bila kuielewa, nayo ndiyo inayoharibu mahusiano kuliko nyingine zote. Vituo vingi vinataka cheki ya dhamana ya kujitolea. Haipelekwi benki, inawekwa kabatini. Ukitimiza zamu zako unarudishiwa. Usipotimiza, inachukuliwa pesa. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima wa kutoka Bukavu, alikuta pesa zimetoka kwenye akaunti yake msimu ulipokwisha. Alinijia nyumbani amekasirika kabisa.

"Dada, mimi nililipa ada yote. Sasa hizi wanachukua ni za nini?"

"Mama, ile haikuwa ada. Uliahidi utafanya zamu, kuuza chai kantini, kufagia theluji, kitu kama hicho."

"Nani aliniambia?"

Na kweli, hakuna aliyemwambia. Aya yenyewe ilikuwa ukurasa wa nne wa fomu, kwa herufi ndogo. Kwa hiyo siku ya usajili, kabla hujaondoka mezani, uliza: zamu ni ngapi, zinafanywa wapi, naandika jina langu wapi? Na ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua mezani pa mtunza muda au mlango wa kiboksi cha adhabu, kile anamokaa kwa muda mchezaji aliyefanya kosa. Ni kazi ya kukaa, iko karibu na mchezo, na kwa mechi chache tu utakuwa umejua sheria kuliko wazazi wengi waliozaliwa hapa. Mimi nilifungua na kufunga mlango ule wa mbao mpaka nikajua kwa nini refa amepuliza kabla hajaonyesha ishara ya kosa.

Makundi yanaitwa kwa umri: U7, yaani walio chini ya miaka saba, kisha U9, U11, na kuendelea. Wadogo wa U7 na U9 mara nyingi wanachezea sehemu tu ya uwanja, na kugongana miili kwa makusudi hakuruhusiwi mpaka U15. Nalisema hili kwa sababu tunaona kwenye televisheni watu wazima wakipigana ngumi na kubamizana ukutani, tukadhani ndiko tunakompeleka mtoto. Sivyo. Ninyi wazazi mtatakiwa, angalau mmoja wenu, kumaliza mafunzo mafupi ya heshima michezoni kwenye intaneti. Yafanye wiki ya kwanza, yasije yakamzuia mtoto kucheza.

Kuhusu viatu nisikilize vizuri. Mazoea yetu ni kumnunulia mtoto kiatu kikubwa ili akue nacho, na kwa baridi hii tunaongeza soksi mbili nzito. Kwenye hoki hiyo ni kumtesa. Kiatu kikipwaya, kifundo cha mguu kinalala upande na mtoto hawezi kusimama. Soksi zikibana, damu haipiti na vidole vinaganda haraka zaidi. Kiatu cha barafuni huwa kidogo kwa namba moja au moja na nusu kuliko raba anayovaa shuleni, na ndani unavaa soksi moja nyembamba. Mtumba ni sawa kabisa, lakini kanyaga kwa kidole gumba ngozi ya kifundoni: ikiwa imelegea na kukunjika, kiache. Chuma cha chini lazima kinolewe, hata kama kiatu ni kipya, maana vingi vinauzwa bila kunolewa. Helmeti usichukue ya zamani kwa kuihurumia bei. Tazama kibandiko cha CSA, shirika la viwango la Kanada, na kama helmeti ina tarehe ya mwisho, iwe haijapita. Kinga ya shingo ni lazima.

Kuvaa nako kuna mpangilio wake. Vinaanza vya chini: kinga za ugoko, soksi ndefu za timu, suruali yenye mito, kisha viatu, na viatu vifungwe kabla ya kinga ya kifua, kwa sababu mtoto akishavaa kifua hawezi tena kuinama. Ndipo vinafuata viwiko, jezi, na mwishoni helmeti na glavu. Binti yangu anavaa hijabu nyembamba ya michezo, isiyo na pini hata moja, chini ya helmeti. Nilikwenda nimejiandaa kwa mabishano. Kocha alichofanya ni kuitikisa helmeti kichwani mwake kushoto na kulia kuona kama imekaa sawa, akasema sawa, tuingie.

Desturi ya kwanza niliyokutana nayo ilikuwa ya maji. Kila mwaka, baridi ikishakuwa kali mfululizo, kawaida mwezi Desemba, familia zinagawana usiku za kumwagia uwanja. Baba watoto anafanya kazi zamu ya usiku ghalani, basi nikaenda mimi. Mzee anayeongoza kazi ile amevuka miaka sabini. Alicheza kwenye kiwanja hichohicho akiwa mtoto. Mimi nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, na alipojua maana yake alifurahi, sasa wote wanamwita hivyo.

Kazi yenyewe inataka subira. Kwanza unaondoa theluji yote, mpaka ile ya pembeni mwa mbao. Kisha unavuta mpira mnene wa maji na kutembea kinyumenyume, ukimwaga tabaka jembamba sana, mkono ukienda kushoto na kulia bila kusimama. Ukimwaga mengi kwa pupa, juu panaganda na chini panabaki hewa na maji, halafu mtoto akikanyaga panavunjika. Tabaka likishika, unasubiri, unarudia. Siku ile ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri na mvuke ulikuwa unapanda kutoka ardhini mpaka taa za uwanja zikaonekana zina ukungu. Ukimaliza, mpira wa maji lazima uumwage wote na kuurudisha ndani, la sivyo utaganda na kupasuka, na hilo ni kosa linalokumbukwa miaka. Kwenye viwanja vya ndani kazi hii inafanywa na mashine, ile aliyoibuni Frank Zamboni huko Paramount, California, mwaka 1949. Kwenye viwanja vya mtaa bado ni watu.

Nasema kwa uzoefu: nenda usiku wa kumwaga maji, hata kama hujui lolote. Mtu uliyeshika naye mpira wa maji usiku wa baridi, kesho yake hatakupita uwanjani bila salamu.

Tukisubiri maji yagande, tuliingia kwenye kibanda ambamo watoto huvalia viatu. Kuta zake za ndani ni mbao, na mbao hizo zimejaa majina. Mzee akanieleza kwamba kituo kilianzishwa na wazazi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na tangu mwanzo kila mtoto akimaliza msimu wake wa kwanza huandika jina lake ukutani kwa mkono wake. Hakuna anayemwandikia. Ukisoma kuanzia mlangoni unaona mtaa ulivyobadilika: kwanza majina ya Kiukraine, Kipolandi na Kiiceland, mbele kidogo ya Kireno, halafu ya Kifilipino yakawa mengi, na karibu na dirisha yakaanza ya kwetu, Waeritrea, Wasomali, Wakongomani. Nilisimama pale nikayasoma yote. Ndani yangu kitu kilitulia, kwa sababu niliona kwamba hakuna kundi lililokuwepo tangu mwanzo. Kila moja liliingia na kuandika.

Ndipo nikasimuliwa habari ya Winnipeg Falcons, na nakuomba uijue kabla mtoto wako hajavaa jezi. Kuanzia miaka ya 1870 watu wa Iceland walihamia Manitoba, jimbo letu hili. Mwaka 1875 walifungua makazi Gimli, kando ya Ziwa Winnipeg, na wengi wakakaa mjini, hapa West End, kwenye barabara ya Sargent, hapahapa tunapokaa sisi leo. Walikuwa na lugha yao na watu waliwadharau. Vijana wao wakaunda timu ya hoki. Frank Fredrickson, aliyekuja kuwa nahodha, alizaliwa Winnipeg lakini hakuzungumza Kiingereza mpaka alipofika miaka sita. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, wengi wao walijiunga na Batalioni ya 223, na wawili, Frank Thorsteinson na George Cumbers, waliuawa mwaka 1918. Waliorudi waliomba kuingia ligi kubwa ya mji. Wakakataliwa.

Hawakurudi nyumbani kulalamika. Waliunda ligi nyingine pamoja na timu za Brandon na Selkirk, wakaishinda, kisha wakamfunga bingwa wa ligi ileile iliyowakataa. Machi 1920 wakachukua Kombe la Allan, la timu za ridhaa za Kanada, huko Toronto, na kutoka hapo, bila kurudi Winnipeg, wakasafiri moja kwa moja hadi Antwerp, Ubelgiji, kwenye Olimpiki, ambako hoki ya barafuni ilikuwa inachezwa kwa mara ya kwanza. Waliifunga Czechoslovakia 15–0, Marekani 2–0, na Sweden 12–1. Mabingwa wa kwanza kabisa wa Olimpiki katika mchezo huu, waliovaa nembo ya Kanada, walikuwa watoto wa wahamiaji wa Iceland, wote isipokuwa mmoja, na walitoka mtaani kwetu.

Nilipomsimulia binti yangu, aliniuliza kama waliruhusiwa kuongea lugha yao uwanjani. Sikujua la kumjibu, lakini kuanzia hapo yeye na mwenzake wa Kikongo huitana kwa Kiswahili wakicheza. "Nipe! Nyuma yako!" Wapinzani hawaelewi, na kocha anapenda.

Kuna na habari nyingine za kumpa mtoto mweusi anayehisi yuko peke yake barafuni. Mwaka 1895, huko Halifax, makanisa ya Kibaptisti ya watu weusi yalianzisha ligi yao ya hoki, miaka mingi kabla ya ligi kuu ya leo ya NHL, iliyoundwa 1917. Tarehe 18 Januari 1958, Willie O'Ree akawa mchezaji mweusi wa kwanza wa NHL, akiichezea Boston Bruins, na alicheza akiwa haoni kwa jicho la kulia. Hapa Winnipeg, Dustin Byfuglien, naye mwenye asili ya watu weusi, alipendwa mno na mashabiki wa Jets, timu ya NHL ya mji huu, mpaka leo utaona jezi namba 33 mitaani. Mzazi aziweke habari hizi mkononi. Siku ya kuzihitaji itafika.

Sisi ilifika mwaka wa pili, kwenye mechi ya ugenini. Mtoto wa timu pinzani alimwambia binti yangu neno kuhusu rangi yake. Hakulia, alirudi benchi akakaa kimya, na mwenzake ndiye aliyemwambia kocha. Kocha alimwita refa palepale, mchezo ukasimama. Mimi nilikuwa jukwaani na sikujua kilichotokea mpaka kipindi kilipoisha, na nilipojua miguu ilikosa nguvu. Usiku ule nililia jikoni maji ya chai yakichemka, huku nikijiuliza kwa nini nimemleta mwanangu mahali pa kutukaniwa.

Yakikukuta, fanya hivi. Mwambie kocha kabla hamjaondoka uwanjani, asubuhi ni kuchelewa. Andika usiku uleule: saa, kipindi, namba ya jezi, maneno yenyewe na nani aliyasikia. Usimfuate mzazi wa mtoto yule kwenye maegesho ya magari, hata kama damu inachemka; ukifanya hivyo mjadala utageuka kuwa juu yako. Sheria za Hockey Canada, chama cha hoki cha nchi hii, zina adhabu kali kwa matusi ya ubaguzi, lakini zinahitaji ripoti. Yetu ilisikilizwa na mtoto yule akasimamishwa mechi kadhaa. Sikupata furaha yoyote kwa hilo, ila binti yangu alijua watu wazima wamesimama upande wake. Mazoezi yaliyofuata, timu nzima ilimsubiri mlangoni ili waingie barafuni pamoja, jambo ambalo si kawaida, maana kwa desturi golikipa ndiye anayetangulia.

Desturi za mechi zenyewe ni nyingi, nitataja zinazowachanganya wageni. Wachezaji wakipiga magongo kwenye barafu au ukutani, wanapongeza, hawana hasira. Mchezaji akiumia wote wanapiga goti moja mpaka ainuke, na akiinuka wanapiga magongo. Mtoto akifunga goli lake la kwanza, refa atamletea kocha kile kisahani. Chukua tepu nyeupe, kizungushie, andika tarehe na timu mliyocheza nayo, utunze. Akifunga matatu kwenye mechi moja watu hurusha kofia barafuni, basi usiende na kofia unayoipenda sana. Mechi ikiisha timu mbili zinapanga mistari na kushikana mikono, kila mtu na kila mtu, hata kama walikuwa wakivurugana dakika moja nyuma. Usimwite mtoto wako mkaondoke kabla ya hapo kwa sababu ya basi. Kuliruka lile ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kufungwa kumi bila.

Na refa usimzomee. Wengi kwenye mechi za watoto ni vijana wa sekondari, miaka kumi na minne, kumi na mitano. Kwenye timu yetu mzazi anayemfokea refa anapelekwa kusafisha theluji ya mechi inayofuata, na hakuna anayebisha.

Timu yetu ina helmeti moja nyekundu ya mjenzi, kuukuu, yenye mikwaruzo, ambayo hupewa mchezaji mmoja kila baada ya mechi. Hapewi aliyefunga magoli. Anapewa aliyerudi nyuma kukaba, au aliyemwinua mwenzake, au mdogo aliyemaliza zamu yake ya kucheza akiwa ameganda vidole. Anakaa nayo wiki nzima nyumbani. Siku ilipokuja kwetu, baba watoto, yule aliyesita kuomba msaada wa ada, aliiweka juu ya televisheni na kupiga picha kuituma Tanga.

Mambo ya chakula na ibada yanataka usemi wa mapema. Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi, wakati wa mechi za mwisho, na timu ina mazoea ya kula chipsi na soseji pamoja kantini baada ya mechi. Soseji ni za nguruwe, na nilipouliza nikagundua mafuta ya kukaangia ni yaleyale. Nilimwandikia meneja wiki mbili kabla. Wakanunua karai dogo la pembeni kwa chipsi peke yake, na siku ambazo mechi iliisha karibu na magharibi walisubiri dakika chache ili tufuturu wote. Nilipeleka tende na kaimati. Yote yaliwezekana kwa sababu niliyasema mapema; ningeyasema siku yenyewe, mtoto wangu angekaa pembeni ameshika chupa ya maji.

Mwisho wa msimu jezi inarudishwa. Si yako, ni ya kituo, na namba hiyohiyo itavaliwa na mtoto mwingine. Ifue kwa maji baridi, iwe safi, usiikaushe kwenye mashine, na usikubali mtoto aivae shuleni. Siku ya kurudisha jezi ndiyo siku ya kuandika majina kibandani, kwa hiyo familia zinazotuma jezi kwa mtu mwingine zinamnyima mtoto nafasi yake ukutani.

Kisha masika kuna mkutano mkuu wa kituo. Karibu hakuna mhamiaji anayeuhudhuria, na hapo ndipo ada inapopangwa, ndipo zamu zinapogawanywa, ndipo inapoamuliwa kantini itauza nini. Mkutano ni wa saa moja na nusu, kahawa ipo, na mwenye mtoto kwenye timu ana haki ya kusema. Nilisimama mwaka huu nikaomba kitu kimoja: bahasha ya usajili iwe na ukurasa wa desturi za timu, ukianza na maelezo ya cheki ya dhamana, kwa Kiingereza, Kitagalogi na Kiswahili. Mzee aliniunga mkono wa kwanza, na kamati imekubali. Nakala ya Kiswahili naiandika mimi, na yule mama wa Bukavu ataipitia ili na Wakongomani waielewe vizuri. Mjukuu wake amesajiliwa tena, na safari hii zamu zake ameshaziandika zote kwenye kalenda ya jikoni.